Mama Karima Alipovua Viatu

Mama Karima alianza kwa kuvua viatu. Ilikuwa mwaka mmoja baada ya mumewe kuzikwa, na hakuna aliyeliona kuwa jambo. Mwanamke wa miaka sabini na sita akitembea peku juu ya marumaru ya nyumba yake mwenyewe huko Aziziya, Jeddah, nani angemwuliza? Kisha akaacha Kiarabu. Kilimtoka polepole, neno baada ya neno, mpaka asubuhi moja binti yake Ghada alipomsalimu kama siku zote, naye akamtazama kwa adabu, kama mtu aliyesimamishwa njiani na mgeni, akamjibu kwa Kiingereza kwamba samahani, haelewi.

Ndipo wakatafuta mfanyakazi anayejua Kiingereza, wakampata Mirriam.

Mirriam Akoth alikuwa na miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa Siaya, mjane mwenye binti mmoja, Stacy, aliyekuwa kidato cha tatu na kuishi kwa shangazi yake Kisumu. Alikuwa ametoka kwenye nyumba ya watoto saba. Alipoambiwa kwamba huku kazi ni kumwangalia mzee mmoja tu, alishukuru hadi akatokwa na machozi. Lakini mwezi wake wa pili, Mwindonesia aliyekuwa akipika na kusafisha alimaliza mkataba akarudi kwao, na hakuletwa mwingine. Tangu hapo Mirriam aliamka kabla ya adhana ya alfajiri na kufanya kazi za watu wawili. Miguu ilimvimba. Ikifika saa kumi jioni alihisi kama amebeba mtu mgongoni, na mara nyingine alimbeba kweli, kwa sababu Mama Karima alikataa kiti cha magurudumu.

Siku ya kwanza kabisa, Mama Karima aliitazama sare ya Mirriam, ile ya zambarau yenye aproni nyeupe, akauliza, “Nani anakulazimisha kuvaa hivyo?”

“Ni nguo ya kazi, madam.”

“Usiniite madam. Mimi naitwa Carol.”

Ghada alikuwa mlangoni. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na tano, aliyeachika, mwenye cheo benki, na asubuhi hiyo alikuwa ameshavaa abaya ya kutokea. “Hajaitwa Carol tangu kabla sijazaliwa,” akasema kwa sauti ya chini. “Usimfuate kwa hayo. Mrudishe taratibu.”

Lakini Mama Karima hakurudi. Kila wiki alizidi kwenda nyuma, na huko nyuma alikokwenda kulikuwa na watu wengi. Mirriam aliwajua mmoja mmoja huku akimwogesha, akimlisha mtindi uliopondewa vidonge, akimchana nywele. Zilikuwa nywele ndefu nyeupe zilizofika kiunoni, na kwa miaka hamsini hakuna mtu wa nje aliyeziona.

Mama Karima alizaliwa Marekani. Alipokuwa na miaka ishirini na mmoja aliacha chuo, akawaacha wazazi wake bila kuaga, akaenda kuishi msituni na vijana wenzake waliokuwa wamekataa kila kitu walichofundishwa. Walikataa vita vya Vietnam, ambako wavulana wa rika lao walikuwa wakipelekwa kufa. Walikataa kazi za ofisi, kukata nywele, kuvaa viatu, kuitana bwana na bibi. Wengine waliwaita mahipi, na waliwacheka, na polisi waliwapiga. Walikuwa na shamba la mboga na nyumba tatu za mbao walizojijengea. Walikula chungu kimoja. Mtoto akizaliwa alikuwa wa wote.

“Na bosi alikuwa nani?” Mirriam aliuliza siku moja.

“Hatukuwa na bosi.”

“Hata mmoja?”

“Hata mmoja,” akasema Mama Karima, na uso ukamnawiri.

Kwenye shamba hilo alipita mwanafunzi wa uhandisi kutoka Jeddah, kijana mpole aliyekuja kwa wikendi moja akakaa miezi miwili. Wakapendana. Wakaoana, akasilimu, akaitwa Karima, na mwaka elfu moja mia tisa sabini na tano akashuka naye uwanja wa ndege wa Jeddah akiwa amejifunika mwili mzima. Akazaa watoto wawili. Akajifunza kupika saliigi, wali wa maziwa wa kwao, na kukaa na wakwe. Watu wa mtaani walisema hawajawahi kuona mgeni aliyeshika mila kama yule. Hayo ya mwisho Mirriam aliyasikia kwa Ghada, kwa sababu Mama Karima mwenyewe hakuyakumbuka hata kidogo.

Ugonjwa ule ulimpa uhuru Mama Karima na kumzidishia kazi Mirriam. Mama Karima alikataa kula mezani, akaja kukaa kwenye sakafu ya jikoni akitaka wale pamoja. Alisema kila mtu aoshe sahani yake, akaosha ya kwake, akamwaga maji mpaka sebuleni, na Mirriam akapiga deki. Aliwafungulia lango wafagiaji wa barabara akawagawia mkate na kuku mzima wa chakula cha mchana, na Mirriam akapika upya. Aliichukua ile sare ya zambarau kwenye kamba akaikata kwa mkasi vipande vidogo vidogo. “Sasa uko huru,” akamwambia. Mirriam aliviokota vile vipande kimya kimya. Jioni Ghada alimuuliza sare iko wapi.

Haikuwa kwamba hampendi. Alimpenda. Katika miaka mitano Saudia hakuna mtu mwingine aliyewahi kumuuliza amelalaje. Ila alichoka, na uchovu wake haukuwa wa kulala na kuamka ukaisha. Alikuwa akisimama mbele ya sinki akasahau kilichomleta.

Mwezi wa kumi na moja wakaja wageni. Binti wa Ghada alikuwa anachumbiwa, na wanawake wa upande wa kijana walikuja Alhamisi alasiri kumwona. Walikuwa tisa, pamoja na bibi mzaa baba wa huyo kijana, kikongwe mnene wa Kihijazi aliyetembea kwa mkongojo. Ghada alikuwa hajalala vizuri wiki nzima. Alimwagiza Mirriam ampe mama dawa ya kumtuliza mapema, amfunge chumbani, kisha ashuke kuhudumia. Mirriam alimpa dawa. Mlango hakuufunga. Alijisemea kwamba amesahau, na labda ni kweli.

Alikuwa katikati ya sebule na sinia ya vikombe vya kahawa wakati Mama Karima alipotokea kwenye ngazi. Alikuwa peku. Alivaa gauni la kulalia la pamba, nywele zote ameziachia mgongoni, na pembeni mwa masikio amechomeka maua mekundu aliyoyachuma kwenye varanda. Mazungumzo yakakatika. Alipita katikati ya wanawake wale waliojitia manukato na dhahabu akitabasamu kwa kila mmoja, akafika kwa Mirriam, akaipokea sinia mikononi mwake, akaiweka chini juu ya zulia. Kisha akakaa kando yake.

“Kaa,” akamwambia Mirriam.

“Siwezi, Mama.”

“Kwa nini huwezi?”

“Niko kazini. Kuna wageni.”

“Nani amesema wewe si mgeni? Tazama miguu yako. Kaa chini, dada yangu.”

Mirriam alimtazama Ghada. Uso wa Ghada ulikuwa umekufa. Alitazama mlango wa jikoni, ambao ulikuwa mbali sana. Alikuwa amesimama tangu saa kumi alfajiri. Baadaye alijiuliza mara nyingi aliamua nini wakati ule, na kila mara jibu likawa kwamba hakuamua kitu. Magoti ndiyo yaliyoamua. Alikaa. Mama Karima alimmiminia kahawa kwenye kikombe cha wageni, akampa tende. Mirriam akanywa. Ilikuwa kahawa nzuri, yenye hiliki nyingi. Alikuwa ameipika mwenyewe, na hakuwa amewahi kuionja ingali moto.

Mama wa kijana aligeukia ukuta. Msichana mmoja alitoa simu, jirani yake akamshika mkono airudishe. Kisha yule kikongwe mwenye mkongojo akacheka. Alisema kitu kwa Kiarabu, akamshika bega binti yake, na kwa taabu kubwa akajishusha mpaka kwenye zulia, akanyoosha mguu mbovu na kupeleka mkono kwenye tende. Mirriam alielewa maneno machache tu: kwamba kabla hawajanunua makochi, kwao wote walikaa chini.

Wakakaa hivyo watatu, wakanywa kahawa. Wale wengine walibaki juu kwenye makochi wakiwatazama.

Asubuhi yake Ghada alimkuta jikoni.

“Mama yangu ni mgonjwa,” akasema. “Na wewe, ni mgonjwa?”

“Hapana, madam.”

“Basi mbona ulikaa?”

“Nilichoka, madam.”

“Ulichoka,” Ghada alirudia. Alitaka kusema zaidi. Badala yake akavuta kiti, akaegemeza kichwa kwenye kiganja. “Halas, basi,” akasema. “Mimi pia nimechoka. Nampigia Adnan.”

Uchumba ule haukuvunjika. Wiki mbili baadaye upande wa kijana ulituma zawadi, na yule kikongwe akaagiza asalimiwe mama wa Kimarekani. Lakini uamuzi ulikuwa umeshapita. Adnan, mwana mkubwa, aliishi Riyadh, na ndiye aliyekuwa kafili, yaani mdhamini wa kisheria, wa Mirriam. Ikama, kibali chake cha kuishi nchini, ilikuwa kwa jina la Adnan. Mama na mfanyakazi wangehamia kwake. Kwa kuwa Mama Karima alishapiga kelele uwanja wa ndege walipotaka kumvalisha viatu, Adnan alituma gari na dereva.

Dereva aliitwa Zablon, Mkisii mrefu mwenye sauti ya taratibu, aliyewahi kupakua mizigo miaka mitatu kwenye maghala ya Al-Sulay, Riyadh, kabla ya kupata leseni. Wakaondoka Jeddah asubuhi. Mbele yao kulikuwa na kilomita karibu elfu moja.

“Gari hili ni la nani?” Mama Karima alimuuliza kabla hawajamaliza kupanda milima ya Taif.

“La bosi, Mama. La kijana wako.”

“Na anayeliendesha ni nani?”

“Mimi.”

“Basi ni lako.”

Zablon alimtazama Mirriam kwenye kioo. “Mama Stacy, mwambie hayo aniandikie na aweke muhuri,” akasema kwa Kiswahili, na Mirriam akacheka. Alishtuka kusikia sauti ya kicheko chake mwenyewe.

Baada ya mwendo wa saa sita walisimama kwenye kituo cha mafuta jangwani. Zablon alibaki kwenye kiti cha mbele kuiba usingizi kidogo, kama alivyosema, akashusha kofia usoni. Mama Karima alitaka kutembea. Mirriam alimshika mkono wakatoka nyuma ya jengo, mahali lami ilipoishia, wakakaa juu ya ukuta mfupi wa saruji. Mchanga ulikuwa wa rangi ya kutu. Malori yalipita.

“Wewe ulikataa nini?” Mama Karima akauliza ghafla.

“Mimi?”

“Kila mtu aliyefika kwetu alikuwa amekataa kitu. Ndilo lililokuwa swali letu la kwanza kwa mgeni.”

Mirriam hakuwa amemwambia mtu yeyote Saudia. Alimwambia yule mzee, kwa sababu alijua kufikia jioni yatakuwa yamesahaulika. Mumewe alikufa kwa ajali wakati Stacy ana miaka tisa. Baada ya matanga, wazee wa ukoo walikaa wakasema sasa arithiwe na shemeji yake, mdogo wa marehemu, mtu mwenye wake wawili tayari. Mirriam akakataa. Walimbembeleza, kisha wakamtisha. Walisema akilala nje ya mila ataleta kifo nyumbani. Mama mkwe wake, aliyempenda, aliacha kumsalimu. Hatimaye wakamng’olea mahindi yake yote yakiwa bado machanga, wakamwambia shamba ni la ukoo. Akamchukua mtoto na sufuria mbili akaondoka. Mwaka uliofuata alikuwa kwenye ndege ya Riyadh.

Mama Karima alisikiliza mpaka mwisho. “Safi,” akasema. “Na ulikwenda na nani?”

“Na mtoto wangu.”

“Namaanisha wenzako. Mliokataa pamoja.”

“Hakukuwa na wenzangu, Mama. Nilikuwa peke yangu.”

Yule mzee alimgeukia. Macho yake ya buluu, yaliyokuwa yamepauka kama kitambaa kilichofuliwa sana, yalijaa mshangao. “Peke yako! Sisi tulikuwa thelathini na wanne.”



“Tungekuwa peke yetu tusingeweza,” Mama Karima akaendelea. “Hata mmoja wetu. Tulikuwa watoto tu, na nyumbani kwetu tulikuwa na vitanda vinavyotusubiri.” Akasugua nyayo zake kwenye mchanga. “Na kuna kitu hatukuwaambia watu. Tulisema kila mtu ataosha sahani yake. Wakati wa joto ilikuwa hivyo. Lakini ilipofika baridi, maji ya kisima yakawa barafu, waliokwenda kuvunja barafu na kuosha vyombo vya watu thelathini na wanne tulikuwa sisi wasichana. Wavulana walikaa ndani wakizungumza juu ya uhuru.”

Alicheka kidogo. Kisha akauliza huyu aliyelala ndani ya gari ni nani, na kama wanaenda mbali.

Nyumba ya Adnan ilikuwa kubwa na safi, na orofa ya juu ilikuwa imetayarishwa: kitanda cha hospitali, bafu lenye vishikio, televisheni. Mlango wa ngazi ulikuwa na ufunguo upande wa nje. “Kwa usalama wake,” alisema Adnan. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, mtu mwenye haya asiyeinua sauti, na alipozungumza na mama yake alitazama dirisha. Chakula kililetwa mara tatu kwa siku, mlango ukafunguliwa na kufungwa. Aliyefungiwa pamoja na Mama Karima alikuwa Mirriam.

Siku ya kwanza Mama Karima alidhani mlango umekwama. Siku ya pili alielewa. Alisimama akaupiga kwa viganja, bila kulia, bila kutukana, akiita kwa sauti ya mtu anayejua haki yake kwamba wafungue. Alipiga mpaka viganja vikavimba. Mirriam alimfungia barafu kwenye taulo, akamlaza, na kesho yake ikawa vilevile. Wiki tatu. Mirriam alikuwa akikaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, akisikiliza yale mapigo, na akagundua kwamba ameanza kuyahesabu na kwamba yakizidi mia mbili yeye mwenyewe anataka kuamka akapige.

Stacy alimtumia ujumbe wa sauti kuuliza mbona siku hizi hapokei simu. Angemwambia mwanawe amefungiwa?

Wiki ya nne mke wa Adnan alituma mkasi pamoja na chakula cha mchana. Nywele zile zilikuwa kazi bure, alisema. Shampuu, kukausha, kuchana, saa nzima kila mara. Zikatwe ziwe fupi. Mirriam aliushika ule mkasi akausogeza kando ya sahani. Alikula. Alipomaliza aliuweka mkasi kwenye sinia pamoja na vyombo vichafu, na mlango ulipofunguliwa akairudisha sinia.

Jioni, baada ya magharibi, Adnan alipanda mwenyewe.

“Wanasema umekataa.”

“Ndiyo, baba.”

“Ni nywele tu, Mirriam.”

“Ni nywele zake. Kila asubuhi ananiuliza kama bado ziko. Zikikatwa ataniuliza nani amezikata, nami nitakuwa nimefungiwa naye humu ndani.” Sauti yake ilitetemeka, lakini si kwa hasira. Hakuwa na nguvu za kukasirika. “Baba, nisikilize. Mkataba wangu umebaki miezi minne. Huu mlango ukifungwa tena, kesho nitaomba unirudishe kwetu. Utatafuta mwingine anayejua Kiingereza. Sigombani na wewe. Nimechoka tu. Nataka mlango ubaki wazi, geti la nje ndilo lifungwe. Nataka mtu wa kusaidiana. Na nataka Ijumaa yangu.”

Angeweza kumfukuza. Angeweza kufanya mabaya zaidi ya hayo, na wote wawili walijua. Adnan alitazama kitanda alipolala mama yake, mikono yake yenye alama za buluu juu ya shuka, nywele zimetandazwa juu ya mto.

“Nilipokuwa na miaka minane,” akasema, “alikuja kunichukua shuleni akiwa peku. Alisahau tu, alikuwa na haraka. Wavulana walinicheka mwaka mzima. Nilirudi nyumbani nikamwambia, kwa nini huwezi kuwa kama mama za wenzangu? Nilimwambia hivyo mara nyingi. Na akawa.” Aligeukia dirisha. “Akawa kama wao kabisa. Hakurudia tena hata siku moja. Miaka yote hiyo nilidhani amependa mwenyewe.”

Mirriam aliunyoosha mto wa yule mzee. Halikuwa jambo lake la kujibu.

Adnan aliteremka. Ufunguo aliondoka nao mfukoni, lakini mlango aliuacha wazi.

Msaidizi alichelewa wiki mbili. Aliitwa Beverly, Mkenya wa Nakuru, mwanamke wa miaka thelathini na minne mwenye kuimba akifanya kazi. Ijumaa ya kwanza Mirriam aliyopewa, Zablon alikuja kumuuliza kama ampeleke Batha, ambako Wakenya hukutana kununua unga na kupiga gumzo.

“Wameuliza habari zako,” akasema. “Kuna hadi omena wa ziwani leo.”

“Asante, ndugu yangu. Acha nilale.”

Alilala kuanzia asubuhi hadi alasiri bila kugeuka. Alipoamka hakujua yuko nchi gani. Alishuka jikoni, akawakuta Mama Karima na Beverly wamekaa sakafuni juu ya mkeka wa plastiki, wanachambua mchele kwenye sinia. Mama Karima alikuwa anamweleza Beverly habari za shamba la mboga, za mvulana aliyemiliki ng’ombe mmoja akamtoa kwa wote. Alikuwa amemshika mkono. Alimwita dada.

Aliinua macho akamwona Mirriam mlangoni. Hakuna kitu kilichobadilika usoni mwake isipokuwa ukarimu ulioongezeka.

“Karibu,” akasema. “Wewe ni nani? Kaa, kaa. Hapa kwetu hakuna mgeni.”

Beverly alifadhaika. “Shosho, huyu si ni Mirriam? Wa siku zote?”

“Basi vizuri,” akasema Mama Karima. “Karibu, Mirriam.”

Mirriam alikaa. Kitu fulani kifuani kilimuuma, kwa muda mrefu kuliko alivyotarajia. Alikuwa amedhani ni yeye. Miezi yote ile, mkono ule, lile swali la asubuhi la amelalaje, alikuwa ameamini kwamba yule mzee katika watu wote alimchagua yeye. Sasa aliona kwamba angependwa vilevile mtu yeyote aliyeingia kwa mlango ule, mfagiaji, dereva, mwizi hata. Ndivyo walivyokuwa wamefundishana kule msituni. Akavuta sinia akaanza kuchambua mchele. Na pamoja na maumivu akahisi mabega yakishuka, kama mtu aliyeambiwa anaweza kwenda.

Mwezi wa nne, siku chache kabla ya mkataba kuisha, Adnan alimkuta akipanga nguo za mama yake kabatini. Alisimama hapo akichezea tasbihi. Mwishowe akauliza, kwa Kiingereza chake cha kujikaza, kama ni kweli mama yake alimsimulia habari za zamani. Yeye na dada yake hawakuwahi kuambiwa. Baba alikuwa akisema yamepita. Na sasa mama hazungumzi tena, hata Kiingereza kimemwisha. Anaimba imba tu.

Mirriam aliketi ukingoni mwa kitanda akamsimulia. Nyumba tatu za mbao. Chungu kimoja. Vita walivyovikataa, na wavulana wawili waliopelekwa jela kwa kukataa kwenda. Baba yake Adnan alivyofika akiwa na begi la vitabu akakaa miezi miwili. Alimwambia hata habari za barafu na vyombo. Mambo mengine hakumwambia, kwa kuwa ni mtoto wake.

“Alikuwa na furaha?” Adnan akauliza.

Mirriam alifikiri. Hakutaka kumdanganya, wala hakujua ukweli wote. “Alisema kulikuwa na baridi sana, baba. Lakini akitaja majina yao alikuwa anacheka.”

Adnan aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Alimuuliza kama angeongeza mwaka mmoja. Mirriam akakataa kwa upole, naye hakumlazimisha. Alimtilia sahihi karatasi za kutoka wiki ileile.

Zablon alimpeleka uwanja wa ndege. Stacy alimpokea Kisumu akiwa amemzidi urefu. Wakapanga vyumba viwili karibu na shule, na kwa mwezi mzima Mirriam hakutafuta kazi wala hakwenda kumsalimu mtu. Alipika, akalala, akasikiliza mvua. Siku moja alikwenda Siaya peke yake, hadi kwenye uzio wa shamba la marehemu mumewe. Mama mkwe wake, mzee sana sasa, alikuwa nje anaanika mahindi. Walitazamana. Yule mzee alimwita kwa mkono, akamletea kigoda, na hawakuzungumza habari za zamani.

Ujumbe wa sauti wa Zablon ulifika mwezi wa saba. Mama Karima alikuwa amefariki usingizini, akazikwa siku ileile. Ghada alikuwa amekuja kutoka Jeddah na yeye ndiye aliyemwosha, na alikataa katakata kusaidiwa na mtu yeyote kumsuka nywele zake zile, akazisuka mwenyewe mafungu matatu, saa nzima, huku watu wakisubiri nje. Beverly alisema aliyaona hayo. Zablon alimalizia kwa kusema kwamba joto la Riyadh mwaka huu halisemeki, na kwamba anaomba amsalimie Stacy.

Mirriam alisikiliza mara mbili. Kisha akajifunga leso akatoka kwenda sokoni, kwa sababu unga ulikuwa umekwisha.